Alhamisi Hakuna Maji

Bomba lilikohoa kabla ya kutapika.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na Mama Povu alikuwa amechuchumaa uani, mapipa yake manne yamepangwa foleni, midomo wazi kama makinda. Yeye ni dobi. Mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wauguzi, mapazia ya watu ambao hawajawahi kumtazama usoni, vyote hupita mikononi mwake. Jana yake, kama kila Alhamisi, mtaa ulikuwa mkavu kwa ratiba ya mgao, na Ijumaa maji hurudi. Lakini hayarudi peke yake. Hutanguliwa na upepo. Bomba hupiga mluzi, hutema hewa kama mzee wa pumu, ndipo tone la kwanza lidondoke. Hilo kila dobi analijua.

Asilolijua ni lile aliloliona asubuhi hiyo kwenye mita mpya ya buluu, iliyofungwa ukutani siku mbili tu nyuma.

"Fundi!" aliita. "Hebu njoo uone mazingaombwe."

Mumewe alitoka na mswaki mdomoni. Mtaa mzima humwita Fundi, na mkewe naye humwita hivyo, hasa akiwa na hasira. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa moja: kupima mita za maji kwenye karakana ya Ofisi ya Udhibiti, ili mita inayodanganya isifike nyumbani kwa mtu.

"Tia mkono ndani ya pipa," mkewe alimwambia.

"Pakavu."

"Haya, sasa tazama mita."

Kigurudumu chekundu ndani ya kioo kilikuwa kinazunguka kama pia. Bomba likapiga mluzi, namba zikapanda. Tone halijaanguka, na namba zinapanda.

"Inahesabu upepo," alisema Fundi.

"Kwa hiyo nauziwa pumzi?"

"Ndiyo."

"Na unanijibu 'ndiyo' hivyohivyo, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi?"

Fundi alitema povu la dawa ya meno pembeni. Alikuwa anajua. Jumanne ya wiki hiyo alikuwa amepewa mita kumi za aina hiyo, mfano wa elfu arobaini ambazo Wizara ilikuwa imekwisha kuzinunua. Nane kati ya kumi zilizunguka kwa hewa tupu. Aliandika HAIFAI kwa kalamu nyekundu, akapeleka ofisini. Kesho yake vijana wa Shirika la Maji wakaja mtaani na ngazi na spana, wakasema ni majaribio.

Aliinama kutazama waya unaofunga kifuniko. Kila mita iliyofaulu hufungwa kwa waya huo na kipande cha risasi kinachominywa kwa koleo. Hiyo ndiyo lakiri. Kila mpimaji ana koleo lake, na kila koleo lina namba yake. Fundi alifuta vumbi kwa kidole gumba. Akafuta tena, kama mtu anayetumaini uchafu ndio ulioandika.

"Namba saba," alisema.

"Namba saba ni nani?" aliuliza mama yake Fundi, Bibi, aliyekuwa mlangoni kwenye kigoda chake akimenya viazi.

"Ni mimi, mama."

"Kwa hiyo umejiibia mwenyewe nyumbani kwako? Mwanangu, hata mwizi ana haya."

"Sikuifunga mimi hii."

"Mkono si wako, ila kidole ni chako," alisema Bibi, akadondosha kiazi kwenye sufuria. "Hapo ndipo watu hufungwa."

*

Ofisi ya Udhibiti iko ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Sheria iliyoianzisha iko kwenye fremu pale mapokezi, chini ya kioo chenye ufa: Ofisi hii iko huru, haitapokea amri kutoka kwa mtu yeyote. Maneno mazuri. Hata kinyesi cha nzi juu yake kimekaa kwa adabu.

Huru. Mishahara yake inapitia Wizarani, na mwezi huu ilikuwa imechelewa kwa wiki ya tano. Kodi ya jengo inapitia Wizarani. Tangi la maji la juu ya paa, linalolisha meza ya kupimia, lilipasuka miaka miwili iliyopita, na barua ya kuomba jipya imekwenda Wizarani mara tatu, na mara tatu imerudi na saini ileile na neno lilelile: Isubiri. Kwa hiyo karakana hutegemea maji ya bomba moja kwa moja. Yakiwepo inapima, yasipokuwepo haipimi.

Fundi alipofika ghorofani hakuikuta meza yake. Ilikuwa imetolewa karakanani, droo ya koleo ikiwa tupu, na kuwekwa kwenye ujia, ubavuni mwa mlango wa choo. Juu ya mlango huo kulikuwa na kibao cha mbao ambacho ofisi yenyewe ilikipigilia skrubu mwaka jana: ALHAMISI CHOO KIMEFUNGWA. HAKUNA MAJI. NI AMRI. Alikaa hapo saa nzima akisubiri kuitwa. Kila aliyekwenda haja alimsalimia wakati wa kuingia, na wakati wa kutoka akapita akitazama viatu vyake.

Mdhibiti alimwita saa nne. Alikuwa mhandisi mzee, mtu safi, ambaye hajawahi kula hata chai ya mtu. Tatizo lake lilikuwa jingine: aliogopa kelele.

"Koleo langu liko wapi, mzee?"

"Kaa kwanza."

"Nimekaa saa nzima mlangoni kwa choo. Nimeshiba kukaa."

Mdhibiti alivua miwani. "Katibu wa Wizara alileta barua. Alisema wanataka kulikagua. Nikampa."

"Ukampa."

"Ungefanya nini wewe? Fundi, hata karatasi ya choo ya ofisi hii inasainiwa kule. Nikigoma, mwezi ujao watumishi thelathini wanakwenda kwao bila mshahara. Mimi hawawezi kunifukuza, sheria inanilinda. Ila wanaweza kunifunga pumzi polepole, mpaka nijiondoe mwenyewe."

"Kwa hiyo wameniminyia lakiri elfu arobaini kwa namba yangu."

"Bado wanaendelea. Wanataka uweke saini kwenye vyeti vya upimaji. Wamekwisha kuvijaza. Vitasomwa Jumanne kwenye kikao cha hadhara."

"Nivione."

"Sikupewa nikuoneshe. Nilipewa nikuulize kama utasaini." Alisema hivyo kwa sauti ya chini kabisa, na Fundi akaona kwamba kile kitu alichokuwa anakidharau kwa mzee huyu tangu asubuhi kilikuwa aibu, na kwamba mzee alikuwa anayo ya kutosha.

"Nisiposaini?"

"Watasema lakiri ni ushahidi tosha. Na siku mita zitakapolalamikiwa, hawatamtafuta Katibu. Watamtafuta namba saba."

Fundi alisimama. "Mzee, saini yangu ni ndogo," alisema. "Lakini haijawahi kwenda mahali bila mimi."

*

Jumapili alasiri gari jeusi la Wizara lilisimama mbele ya nyumba, likaziba njia nzima, na akatoka dereva wake, ambaye ni mdogo wake Mama Povu. Humwendesha Katibu. Ana suti moja, na huivaa kama mtu aliyeazimwa.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Shemeji," alisema Fundi.

"Karibu, Serikali," alisema Bibi. "Pita, ila viatu vya Serikali vibaki nje. Nimepiga deki kwa maji ya kununua."

Dereva alicheka kicheko kifupi, akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu. Aliificha chini ya mguu mwingine.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo. Umetumwa?"

"Nimekuja kuwasalimia tu."

"Gari la Wizara, Jumapili, kuja kunisalimia mimi dobi? Hata nilipougua ulinitumia ujumbe wa simu. Sema ulichotumwa, kabla chai haijachemka."

Dereva alimgeukia Fundi. "Shemeji, Katibu ni mtu mwelewa. Amesema kuna nafasi ya Mkuu wa Upimaji, taifa zima. Gari, nyumba yenye tangi lake. Ni saini tu. Kazi wenzako wamekwisha kuifanya."

"Na nikikataa?"

"Usinifanye niseme."

"Sema. Umelipiwa mafuta."

Dereva alitazama dari. "Amesema lakiri ni zako. Amesema kuna kosa linaitwa matumizi mabaya ya lakiri ya umma, na lina miaka saba."

"Namba saba, miaka saba," alisema Bibi. "Hesabu yao imenyooka, kwa mara ya kwanza."

Mama Povu aliweka birika chini kwa kishindo. "Mdogo wangu, ulipokuwa unasoma udereva, ada ilitoka wapi?"

"Dada..."

"Ilitoka kwenye povu. Mikono hii, itazame. Kucha zimekwisha. Sasa bwana wako anataka nilipe pumzi ya bomba, na mume wangu ndiye aitie muhuri. Na wewe unakunywa chai yangu unaniambia ni saini tu?"

"Mimi nina watoto watatu! Unadhani nafasi za udereva zinaota kama uyoga?"

"Shemeji," Fundi aliingilia, taratibu. "Swali moja tu. Koleo langu liko wapi?"

Macho ya dereva yalikwenda dirishani, kwenye gari, yakarudi haraka kama mtu aliyegusa pasi ya moto.

"Mimi ni dereva," alisema. "Sijui mambo ya makoleo."

Alipoondoka, chai yake ilikuwa imebaki nusu. Bibi aliimwaga mzizini mwa mti wa waridi.

"Mwaka ule wa ndoo," alisema, "tulikaa barabarani siku tatu na ndoo tupu, tukizipiga kama ngoma, mpaka wakakubali iwepo ofisi isiyopokea amri. Nilivunjwa jino hili hapa. Basi usije ukaniambia, mwanangu, kwamba jino langu limekwenda bure kwa sababu ya nyumba yenye tangi."

"Sijasema nitasaini, mama."

"Na hujasema hutasaini. Nakusubiri."

Fundi alimtazama mkewe. Mama Povu alikuwa anakunja mashuka ya watu, pembe kwa pembe, hajainua macho.

"Ukifungwa nitakufulia nguo za jela," alisema. "Ila ukisaini, nguo zako utafua mwenyewe."

"Basi sitasaini," alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alikula chakula akakimaliza.

*

Kikao cha hadhara kilifanyika Jumanne, kwenye ukumbi wa ghorofa ileile ya tatu. Viti hamsini, watu mia mbili. Waliokosa viti walijaa kwenye ujia mpaka mlangoni kwa choo. Walikuwapo wenye vioski, wenye saluni, mama wa kituo cha watoto, wauza mboga, wastaafu waliokuja na bili zao ndani ya mifuko ya plastiki kama vyeti vya kuzaliwa. Katibu alikaa mbele na chupa yake ya maji ya dukani. Mdhibiti alikaa katikati ya meza kuu. Fundi aliwekwa kona ya nyuma, kwa kuwa kanuni inasema mtumishi wa Ofisi haruhusiwi kuzungumza kwenye kikao cha hadhara asipoulizwa. Walijua hilo walipopanga ratiba. Waliyoisahau ni kanuni inayofuata, ya mstari mmoja: kila anayelipa bili ana haki ya kuuliza, na kikao hakifungwi hadi ajibiwe.

Katibu alisimama. Alikuwa na sauti nzuri ya redio.

"Ndugu wananchi, kuna maneno ya mitaani kwamba mita mpya zinahesabu hewa. Maneno ya mitaani hayana cheti. Sisi tunavyo." Aliinua rundo la karatasi. "Shehena zote arobaini, mita elfu moja kila shehena, zilipimwa kwenye karakana ya ofisi hii, na kufungwa kwa lakiri namba saba, lakiri ya mpimaji mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote. Kazi ilianza saa mbili asubuhi na kukamilika saa kumi jioni, siku moja, kwa ufanisi wa hali ya juu. Siku ya Alhamisi, tarehe tano."

Fundi aliinuka nusu. Mlinzi akamwekea mkono begani. "Hujaulizwa, Fundi."

Lakini mkewe alikuwa amekwisha kusimama, mkono juu, na bili mkononi.

"Mimi ni dobi, nalipa bili. Nina swali."

"Uliza, mama," alisema Mdhibiti.

"Mheshimiwa Katibu, naomba urudie siku."

"Alhamisi, mama. Tarehe tano."

"Alhamisi hii ya kwetu sisi, au kuna nyingine?"

Kicheko kidogo kilianzia nyuma. Katibu alitabasamu, tabasamu la mtu anayevumilia watoto. "Alhamisi ni moja tu kwa wiki, mama."

"Ahsante. Mita ya maji inapimwa kwa kutumia nini?"

"Inapimwa kwa maji, bila shaka."

Mama Povu aliugeukia ukumbi. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, kama mtu anayemkumbusha jirani. "Jamani. Alhamisi kuna nini?"

"HAKUNA MAJI!"

Watu mia mbili. Ilitoka kwenye ukumbi, kwenye ujia, kwenye ngazi, kwa pamoja, kama wimbo ambao kila mmoja aliufundishwa na pipa lake tupu. Kisha wakacheka. Walicheka kwa hasira, wakapiga viti. Mama wa kituo cha watoto alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mkubwa hajui Alhamisi! Miaka miwili ya mgao, kila mtoto wa mtaa huu anajua siku ya kutokuoga kuliko anavyojua siku yake ya kuzaliwa, na Katibu, ambaye kwake kuna tangi juu ya paa na jingine chini ya ardhi, aliichagua siku hiyo kwenye kalenda kwa sababu ilikuwa haina mkutano.

Katibu alikunywa maji. "Karakana ina tangi la akiba," alisema.

Kila mtu alimtazama Mdhibiti. Mzee alikuwa ametazama meza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kati ya watu wote mle ndani, yeye peke yake ndiye aliyeweza kusema, na ndiye peke yake aliyekuwa ametumia miaka sita kujifunza kunyamaza.

"Tangi lilipasuka," alisema.

"Samahani?"

"Tangi lilipasuka, Katibu. Miaka miwili sasa. Nilikuandikia mara tatu. Ulijibu mara tatu: Isubiri. Barua ninazo." Akamgeukia karani wake. "Karani, nenda mlangoni kwa choo, ukafungue kile kibao uniletee."

Ilichukua dakika tano kwa bisibisi ya kuazima. Kibao kilipitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka meza kuu. Mdhibiti alikisoma kwa sauti, mpaka kwenye NI AMRI.

"Ofisi hii siku ya Alhamisi haina maji ya kusukuma mavi," alisema mzee safi, na ukumbi ukashtuka kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. "Haikuwa na maji ya kupima shehena arobaini. Vyeti hivi ni batili. Sasa nauliza: koleo namba saba liko wapi?"

"Suala hilo litashughulikiwa kwa taratibu za..."

"Liko garini."

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya dereva, suti yake moja imelowa jasho. "Liko kwenye kisanduku cha mbele cha gari. Nimetembea nalo wiki nzima." Alimtazama dada yake, si Katibu. "Nakwenda kulileta."

Alilileta. Pamoja nalo alileta funguo za gari, akaziweka mezani mbele ya Katibu, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe.

*

Wasidhani watu kwamba mambo yaliishia pale. Haki haiishii ukumbini. Hapo huwa ndiyo kwanza imevaa viatu.

Mdhibiti aliamuru upimaji urudiwe mbele ya umma. Lakini sheria ileile nzuri ya kwenye fremu ina kifungu ambacho mtu fulani alikiingiza mlango wa nyuma: Ofisi ikishindwa kutoa matokeo ndani ya siku tisa, Waziri ataamua. Jumanne hadi Alhamisi ya wiki inayofuata, saa kumi jioni.

Jumatano asubuhi bomba la karakana lilikauka. Shirika lilileta tangazo: matengenezo ya dharura, jengo hilo tu. Alhamisi ni Alhamisi. Ijumaa mtaa mzima ulipata maji isipokuwa jengo hilo. Jumamosi hadi Jumatatu hivyohivyo. Jumanne ikaja barua ya Wizara kumsimamisha Fundi kazi. Mdhibiti aliisoma, akaikunja mara nne.

"Barua hii imekosea mlango," alisema. "Mwajiri wako ni ofisi hii, si wao." Akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza ya kupimia, uliokuwa ukiyumba kwa miaka mingi. Meza ikatulia. Kisha akabeba upande mmoja wa meza ndogo ya Fundi, mhandisi mzee na shati lake jeupe, wakairudisha karakanani.

"Bado hatuna maji, mzee," alisema Fundi.

"Najua."

"Na siku ya mwisho ni Alhamisi."

"Hilo nalo najua. Kila mtu analijua sasa."

Jioni ya siku hiyo Fundi alimweleza mkewe. Mama Povu alikuwa uani, kati ya mapipa yake. Kesho yake, Jumatano, angeyajaza, kama kila wiki, yawe ya kazi ya Alhamisi.

"Meza yako inakula maji kiasi gani?" aliuliza.

"Mapipa manane yangetosha, yakiwa juu ya paa. Yakishapita kwenye mita tunayakinga, tunayapandisha tena."

"Ninayo manne."

"Na nguo za watu?"

"Nguo za watu zitanuka siku moja. Hazitakufa." Alisimama, akafuta mikono. "Hayo manne mengine niachie mimi. Mwenye saluni namdai fadhila, na mama wa kituo cha watoto hajamaliza kucheka."

*

Alhamisi saa moja asubuhi walianza kupanda.

Ngazi ni sitini na nne mpaka paani. Dereva asiye na gari alibeba pipa tupu la kwanza mgongoni, akiwa amevaa suruali ya suti kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kuchakaza. Nyuma yake walikuja watu na ndoo, madumu, mabeseni, sufuria. Kila mtu alikuwa ameyakinga ya kwake Jumatano. Yalikuwa ya kupikia, ya kuoga, ya kuogeshea watoto, na waliyamimina kwenye mapipa bila kumwaga tone, kwa mazoea ya miaka miwili. Bibi alikaa kwenye kigoda ghorofa ya pili, akawa polisi wa ngazi.

"Wapandao kulia! We mwenye saluni, ndoo nusu? Umeileta kuitembeza?"

"Bibi, mgongo!"

"Mgongo wa nini, nywele za watu zina uzito gani? Panda!"

Saa tano mapipa manane yalikuwa yamejaa, yameunganishwa kwa mpira wa bustani hadi kwenye meza ya Fundi. Mita kumi zilichaguliwa na wananchi kutoka kwenye maboksi, kwa kufumba macho. Fundi alizifunga moja moja. Kwanza alipitisha maji. Kisha akalikausha bomba, akafungua valvu, maji yakasukuma hewa mbele yake kama yanavyofanya kila Ijumaa alfajiri kwenye kila nyumba ya mtaa ule.

Vigurudumu vyekundu vilizunguka. Watu walisogea kuvitazama. Yalikuwa mambo waliyoyajua, lakini hawakuwahi kuyaona yakifanyika mbele ya mtu mwenye kalamu.

Tisa kati ya kumi.

Fundi alichukua koleo lake. Hakufunga mita hata moja. Alilitumia kukata waya wa mita ya buluu ya nyumbani kwake, aliyokuja nayo ndani ya kikapu cha nguo, akaiweka ile risasi ya uongo juu ya meza, mbele ya Mdhibiti. Kisha akaandika cheti kwa mkono, herufi kubwa: HAIFAI. Akatia saini yake ndogo. Mdhibiti akatia yake chini yake, akagonga muhuri. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Saa tisa na nusu afisa kijana wa Wizara aliingia akihema, viatu vinang'aa, amri ya Waziri tayari imechapwa ndani ya bahasha. Alikuwa ametumwa kuja kuandika kwamba muda umekwisha na Ofisi imeshindwa. Alikisoma cheti mara mbili. Akaigusa meza, mkono wake ukatoka umelowa. Akatazama tarehe.

"Haiwezekani," alisema. "Leo ni Alhamisi. Hakuna maji."

"Umejua leo?" aliuliza Bibi, aliyekuwa amepandishwa na kigoda chake.

"Mimi nimuelezeje Katibu? Nimwambie maji yalitoka wapi?"

Mama Povu alikuwa amesimama dirishani, amelowa kuanzia kifuani mpaka miguuni, akikamua pindo la gauni lake ndani ya ndoo, ili hata hayo yasipotee.

"Mwambie yalikuja kwa miguu," alisema. "Yakapanda ngazi sitini na nne. Na mwambie tumejua njia."